Je, Kitinda Mimba Wangu Abaki kwa Bibi Yake Tukisafiri?

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 31, na naishi Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya wakwe zangu. Mume wangu ni muuguzi, na kwa muda wa mwaka mmoja na ushei sasa anafanya kazi katika hospitali moja kaskazini mwa Uingereza. Amepata nyumba ya vyumba viwili, na tumekubaliana kwamba mimi na watoto tumfuate mwezi wa Januari, yaani miezi mitatu kuanzia leo. Mtoto wa kwanza ni mvulana wa miaka 6, wa pili ni mvulana pia na anakaribia kutimiza miaka 4, na kitinda mimba ni msichana wa miezi 10 ambaye babake hajapata kumbeba hata siku moja.

Sijawahi kupanda ndege. Safari ndefu niliyowahi kufanya na watoto wote watatu peke yangu ilikuwa ya gari moshi kwenda Nairobi, Idd iliyopita, na bado naiota usiku. Kabla hatujafika Voi wa pili alikuwa ameshamtapikia kaka yake. Tulipoteremka Syokimau, nikiwa na mdogo mgongoni na wa pili nimemshika kwa kola ya shati, niligeuka nikaona mkubwa hayupo. Niliita jina lake hadi sauti ikanikauka. Askari mmoja alimkuta akitazama kichwa cha treni, ametulia kabisa, na hakuelewa kwa nini nilikuwa nalia. Ilikuwa dakika tano tu. Sasa najiuliza: ikiwa Syokimau ilinishinda, itakuwaje katika uwanja wa ndege nisioujua, usiku kucha angani, na mizigo, na maafisa wanaouliza maswali kwa Kiingereza cha haraka? Mdogo atalia. Masikio yatamuuma. Watu watatutazama. Jirani yangu mmoja amenishauri niwape watoto dawa ya mafua, ile ya kuleta usingizi, ili walale njia nzima, nami nakiri kwamba nimeshainunua chupa moja.

Kuna jambo la makaratasi pia. Wakubwa wana pasipoti, lakini mdogo hana, kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kimeandika jina la babake Mohamed, ilhali pasipoti ya babake imeandika Mohammed. Nimekuwa nikiahirisha kwenda kulirekebisha, na sijui kama ni uvivu au ni kitu kingine.

Ninasema kitu kingine kwa sababu mavyaa yangu ametaka mtoto huyu abaki naye. Ni mjane, mkwe wangu mwanamume alifariki mwaka juzi, na msichana huyu amepewa jina la bibi yake huyu. Hamwiti kwa jina, humwita somo. Kila siku baada ya alasiri humlaza juu ya leso barazani, akampaka mafuta ya nazi kuanzia nyayo mpaka utosi, na mtoto hushika pindo la leso asiliachie. Wiki iliyopita aliniambia, bila kunitazama, "Niachie somo yangu. Baridi ya huko si ya mtoto mchanga. Akishatembea na kusema, mtakuja kumchukua." Nilidhani mume wangu atakataa. Akaniambia kwenye simu kwamba mama ana haki, mtoto abaki mwaka mmoja, nami nipate kutulia na kutafuta kazi.

Bi Mshauri, aliposema hivyo nilipumua. Nilihisi mzigo umenitoka mabegani. Kisha nikamtazama mtoto amelala, tone la maziwa bado liko kwenye pembe ya mdomo, nikajichukia. Mama yangu mzazi anauliza ni mama gani humwacha mtoto anayenyonya. Dada yangu anasema yeye alilelewa na bibi yetu na hakupungukiwa na kitu. Mimi sijui tena ninachokitaka.

Nisaidie kufikiri.

Mama wa Watatu, Mji wa Kale


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonigusa kwanza ni kwamba sehemu kubwa yake inahusu usiku mmoja wa safari, na mistari michache tu inahusu mwaka mmoja wa kutengana. Sikulaumu kwa hilo. Usiku ule una sura, una kelele, una Syokimau ndani yake. Mwaka bado hauna sura. Lakini naona mambo haya mawili yamefungwa fundo moja, hata imekuwa kana kwamba swali la mtoto kubaki ni jibu la hofu ya safari. Ningependa tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake, ndipo uamue ukiwa umeyaona yote.

Kabla ya hayo, neno moja kuhusu kule kupumua. Umelea watoto watatu bila mwenzio kando yako kwa zaidi ya mwaka, na mmoja wao ulimzaa hayupo. Mtu aliyebeba ndoo kichwani mwendo mrefu akiambiwa aitue, atapumua hata kama maji yale ndiyo aliyoyafuata kisimani. Pumzi ile imenieleza jinsi ulivyochoka. Mapenzi yako kwa binti yako ni jambo jingine, na hayo nimeyaona katika lile tone la maziwa.

Sasa safari. Niruhusu nikuulize swali ambalo sikuliona katika barua yako: aliyepotea Syokimau ni nani? Alikuwa mkubwa. Aliyetapika alikuwa wa pili. Mdogo, kwa maelezo yako mwenyewe, alikuwa mgongoni. Ukimwacha Mombasa utakuwa umepunguza mtoto mmoja, ni kweli, na kilio kimoja. Lakini yale yaliyokutisha siku ile utasafiri nayo vile vile. Kwa hiyo, vyovyote utakavyoamua kuhusu mdogo, hao wawili wanahitaji maandalizi, na maandalizi hayo yanaweza kuanza leo jioni sebuleni kwako. Panga viti kwa safu, wafunge mikanda ya leso, wafundishe kukaa, kusubiri na kuomba kwenda chooni. Mkubwa mpe kazi yake mwenyewe: ndiye atakayemshika mdogo wake mkono tangu mlangoni, na akipotea asimame pale pale alipo, asitafute. Kila mmoja awe na kadi mfukoni yenye jina lake, jina lako na nambari ya simu ya babake. Mtoto wa miaka 6 aliyepewa dhamana huwa mtu mwingine kabisa.

Kwa mdogo, ukienda naye, mbeleko ndiyo rafiki yako. Itakuachia mikono miwili, ingawa kwenye ukaguzi utaombwa umteremshe. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, na nauli yake katika safari za nje mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Kitanda kidogo cha kubandikwa ukutani mbele ya kiti huombwa mapema, siku ya kukata tiketi, na kina kikomo cha uzito. Mwulize wakala kikomo hicho, kwa maana Januari binti yako atakuwa na miezi 13 na huenda asikubali kukilalia. Omba pia, siku hiyo hiyo, msaada wa mhudumu uwanjani kwa mama anayesafiri peke yake na watoto wadogo. Ukiruka kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, kwenda Nairobi kwa tiketi moja na ile ya London, mizigo mikubwa huandikiwa mpaka mwisho wa safari, nawe hutaibeba Nairobi. Kutoka Nairobi mpaka London ni kama saa tisa angani, nayo mara nyingi huwa ni safari ya usiku, wakati ambao watoto wako hulala kwa desturi.

Masikio huuma kwa sababu hewa ndani ya ndege hubadilika kani inapopaa, na zaidi inaposhuka, na mirija inayounganisha koo na sikio kwa mtoto ni myembamba. Kumeza huifungua. Mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, na hao wakubwa wape kitu cha kunywa kidogo kidogo. Maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari kwa kawaida huruhusiwa kupita ukaguzi hata yakizidi mililita 100 zinazoruhusiwa kwa vinywaji vingine, ila yaonyeshe. Makoti ya watoto yaweke katika mfuko wa mkononi, usiyafunge ndani ya sanduku, kwa kuwa mtatoka kwenye joto la kaskazi hadi nyuzi ambazo Januari huwa chini ya 10.

Kuhusu ile chupa, mwanangu, nakuomba uirudishe kabatini. Dawa za mafua zenye kuleta usingizi si za kuwalaza watoto safarini. Kwa mtoto mchanga zinaweza kuathiri pumzi, na wapo watoto ambao badala ya kusinzia huchangamka na kuhangaika usiku kucha. Kama wa pili hutapika safarini, mweleze daktari wa watoto kabla ya kuondoka, naye atakwambia kinachomfaa kwa umri na uzito wake.

Hapo nimekaa sana kwenye usiku mmoja, kama wewe. Nilitaka tu uuone kuwa ni mgumu, na kwamba una mbinu zake.

Mwaka ni jambo jingine. Tuseme binti yako amebaki. Katika miaka ya 1940 na 1950, mjini London, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari wa akili John Bowlby, aliwatazama kwa makini watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao hospitalini. Aliona kwamba mtoto huanza kwa kulia na kumtafuta mamake, kisha hunyong'onyea, na baadaye hutulia, akala na kucheza tena. Lakini mamake akija, humgeuzia uso. Watu wazima waliomzunguka walidhani amezoea. Nakueleza haya kwa sababu mwaka huo utapigiwa simu za video, utamwona anacheka, na pengine siku moja hatatazama simu kabisa. Ni vyema ujue mapema kwamba utulivu wa mtoto una maana zaidi ya moja.

Hata hivyo, nisingependa uyachukue hayo kama hukumu. Robertson na mkewe Joyce walikuja kuonyesha baadaye kwamba mtoto anayepata mlezi mmoja mwenye mapenzi huubeba utengano kwa nafuu kubwa, ingawa utengano walioufuatilia ulikuwa wa siku na wiki. Mavyaa yako si mgeni kwa mtoto huyu. Mikono ile inamjua kuanzia nyayo mpaka utosi. Dada yako naye anasema kweli kuhusu maisha yake, nawe waweza kumwuliza alikuwa na umri gani alipopelekwa kwa bibi, na ilikuwaje siku aliporudi kwa mama. Majibu ya hayo mawili yatakufaa kuliko neno "sikupungukiwa".

Kuna kunyonyesha pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonyeshwe mpaka miaka 2 na zaidi, na nadhani unaijua Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza. Aya hiyo hiyo inasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha kabla ya hapo kwa kuridhiana na kushauriana, hakuna dhambi juu yao. Nimelishika neno la kushauriana. Ulichonieleza ni kwamba mavyaa alisema, mume akakubali, nawe ukapumua. Sijaona mahali ambapo wewe na mumeo mlikaa mkalizungumza. Yeye ni baba ambaye hajamshika binti yake. Huenda hajui anachokikubali, au huenda anakijua na anajikaza kwa ajili yako. Mwulize, wala si kwa ujumbe. Tafuteni saa moja watoto wamelala. Ikiwa mtakubaliana abaki, mwachishe polepole kwa wiki kadhaa ukiwa ungali hapa, asipoteze ziwa na mama siku moja.

Yapo pia mambo ya hesabu, nami nayapitia haraka. Kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo wanaohamia Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu, nyote mtahitaji kwenda Nairobi katika kliniki iliyoidhinishwa. Watoto walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha ya kifua, lakini lazima daktari awaone na watolewe cheti. Mdogo akibaki, safari hiyo ya Nairobi na maombi yake ya viza vitafanywa upya baadaye, na atakayempeleka ni bibi yake. Mwaka ukitimia atakuwa na miaka 2 na mwezi mmoja, atalipiwa kiti chake mwenyewe, na lazima awepo mtu wa kumleta. Ni nani? Mmeshalijibu hilo? Na muda huo wote mavyaa atahitaji barua yenu ya kumruhusu kuamua mambo ya matibabu, pamoja na kijitabu cha kliniki, maana chanjo ya pili ya surua huku kwetu ni katika miezi 18.

Mdogo akienda nawe, kijitabu hicho kiwe mkobani mwako. Baridi anayoiogopa mavyaa ni ya kweli, lakini watoto huzaliwa na kukua huko kila siku. Wauguzi wa kule huwaonya wazazi zaidi kuhusu kumfunika mtoto kupita kiasi, na hupendekeza chumba anacholala kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Wiki ya kwanza wataamka saa tisa za usiku, kwa kuwa kule saa iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, na hilo litapita. Ila mtoto yeyote akipata homa katika miezi ya mwanzo, hata kufikia mwaka, mwambie daktari siku hiyo hiyo kwamba mmetoka pwani ya Kenya, penye malaria. Daktari wa huko huenda asilifikirie.

Nikiangalia njia zilizopo, sioni mbili peke yake. Mumeo anaweza kuomba likizo aje awachukue, nanyi mkaahirisha kwa mwezi au miwili. Mtalipa nauli ya ziada, naye atambeba binti yake kwa mara ya kwanza katika nyumba aliyozaliwa yeye mwenyewe. Mavyaa anaweza kuomba viza ya mgeni, ambayo huruhusu kukaa hadi miezi 6, asafiri nanyi na kuona mjukuu anakolala. Lakini viza hukataliwa, na lazima yeye mwenyewe awe na hamu na nguvu ya safari. Mnaweza pia kukubaliana mdogo abaki kwa miezi michache tu, kwa tarehe iliyoandikwa na tiketi iliyokatwa, maana "mwaka mmoja" usio na tarehe hurefuka. Kila njia ina uchungu wake, na wewe ndiye utakayeujua ule unaoweza kuubeba.

Nimemweka mavyaa yako mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi. Mwanawe yuko Uingereza, mumewe amefariki, na Januari nyumba iliyojaa viatu vya watoto mlangoni itabaki na viatu vyake peke yake. Alikwambia baridi, na bila kukutazama. Je, inawezekana alikuwa anaomba kitu kingine? Siku moja baada ya alasiri kaa naye barazani, mtoto akiwa katikati yenu, umwulize atakaaje mkishaondoka, nani atakula naye, nani atalala naye nyumbani. Msikilize kwanza, bila ya kumpa jibu la mtoto. Huenda bado akamtaka somo yake abaki, na hilo utalipima. Huenda pia mkagundua kwamba yapo mambo mengine anayoyahitaji, ambayo mwanawe na wanawe wengine wanaweza kuyapanga.

Na ile karatasi, mwanangu. Umeniambia hujui kama ni uvivu. Nadhani unajua. Mtoto asipokuwa na pasipoti, Januari itakapofika uamuzi utakuwa umeshafanywa na herufi moja, nawe hutalazimika kusema kwamba uliuchagua. Nenda kalirekebishe jina lile wiki hii, na kiapo cha wakili kama kitatakiwa, kisha umwombee pasipoti kwa idhini ya babake, hata kama mwishowe atabaki. Chukua nakala za vyeti vyote vitatu vya kuzaliwa, cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, na barua ya mumeo ya kuridhia safari. Sisi wanawake wa huku hatubebi majina ya waume zetu, na watoto wako wana jina la baba na la babu. Afisa wa kule hataona mahali jina lako linapokutana na lao, na anaweza kuuliza kwa adabu kabisa kama ni wanao. Cheti kitamjibu kwa niaba yako, hata Kiingereza kikikukwama.

Ukishazungumza na mumeo, na ukishakaa barazani, niandikie tena. Ningependa kujua mavyaa alisema nini.